Pointi zinalipwa kwa lipi? Uchambuzi wa kisa cha gemu ya ngome ya Mkama Ndume

Vijana watatu wa Chake Chake wanatengeneza gemu ya simu. Mmoja anaandika programu, wa pili anachora, wa tatu ni mwenye hadithi na ndiye msemaji wao. Hadithi inatokea Pujini, kwenye magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa Pemba wa karne ya 15, kusini-mashariki ya mji. Toleo la kwanza liliwekwa kwenye simu mbili katika kibanda cha PlayStation, watoto wakalipenda mpaka wakawa wanagombania zamu. Wiki haijesha, mtoto mmoja wa darasa la sita akaingia kibandani na mkoba wake wa skuli umejaa vigae vya vyungu, vipande vya kaure na kioo kilichovunjika. Alikuwa ametoka navyo Pujini. Akauliza atalipwa kiasi gani.

Kisa hiki ni cha kufundishia. Vijana, mtoto na mzee nitakayemtaja hawana majina kwa sababu nimewaunda, na gemu yao huipati popote. Ngome ni ya kweli, sheria ni ya kweli, na gemu za nje ninazozilinganisha nayo kila mtu anaweza kuzitafuta. Mimi nimejipa nafasi ya maalim wa historia aliyeitwa kutoa ushauri.

Toleo la kwanza

Mhusika mkuu ni mtoto wa mvuvi. Anaingia ngomeni usiku na taa ya mkono, anakimbizwa na mashetani, na njiani anaokota. Shanga ina pointi 10, kikombe cha kaure 50, dinari ya dhahabu 200. Kigae cha chungu cha kawaida hakina kitu, huwezi hata kukigusa. Pointi ni fedha: unaviuza vitu kwa mnunuzi anayekusubiri nje, unanunua jembe, kamba na taa kali zaidi, unarudi. Ukifika kisimani unabomoa ukuta, kwani nyuma yake kuna sanduku. Mwisho unashuka kwenye chumba cha chini ya ardhi kupigana na Mkama Ndume mwenyewe, aliyechorwa kama jini.

Nisiwadharau: kazi ilikuwa nzuri. Kisima kile kimetoka kwenye masimulizi ya Pujini, kwamba mtawala huyo alikuwa na wake wawili wasiopikika chungu kimoja, akakigawa kisima kwa ukuta, mmoja ateke kwa kamba na ndoo, mwenzake ashuke kwa ngazi. Na habari kwamba alikuwa akiwabebesha watu mawe vichwani huku wakijikokota kwa makalio kila mtoto wa Pemba ameisikia. Mchoraji aliyajua yote hayo, akayatia ndani bila kuandika maelezo hata mstari mmoja.

Nilipouliza kuhusu uuzaji, msemaji alikuwa na jibu tayari. "Lakini maalim, leveli ya mwisho anavirudisha vyote. Anavipeleka makumbusho."

Jibu hilo ndilo linalonishughulisha, kwa sababu ni jibu la karibu gemu zote za aina hii, hata zile zilizotengenezwa kwa mamilioni ya dola.

Ichukulie Uncharted 4 ya mwaka 2016. Nathan Drake anafika mpaka kwa jirani zetu Madagaska akitafuta dafina ya haramia Henry Avery. Ukuta anaoukamata unamomonyoka, daraja analolivuka linaporomoka nyuma yake. Vitu vidogo vya thamani vimetawanywa njiani, vinametameta ili usivipite. Ukishabonyeza, kitu kinaingia kwenye orodha, na mahali ulipokitoa hapana habari tena. Wenyeji unawakuta mjini na sokoni, ila magofuni unakutana na mamluki wenye bunduki. Tomb Raider, iliyoanza mwaka 1996, imejaribu kujirekebisha. Katika Shadow of the Tomb Raider ya mwaka 2018 Lara Croft anachomoa jambia kutoka mahali pake hekaluni, gharika inafuata, watu wanakufa, naye anabeba lawama. Hadithi inamhukumu. Lakini mchezaji aliyekwisha kuelewa hukumu hiyo anaendelea kuokota, na gemu inaendelea kumlipa kwa kila alichookota.

Civilization VI, gemu ya kujenga na kutawala taifa, pia ya mwaka 2016, haina mbio wala bunduki za magofuni, nayo ndiyo inayonisumbua zaidi. Humo unamtuma mwanaakiolojia wako achimbe, kisha unajaza makumbusho. Makumbusho ya akiolojia yana nafasi tatu, na ukitaka yakupe faida ya ziada lazima vitu vyote vitatu viwe vya zama moja lakini vya mataifa tofauti. Yaani hesabu yenyewe inakutuma kukusanya vya watu. Zanzibar imo kama mji-dola: ukiwa mlezi wake unapewa karafuu na mdalasini. (Karafuu nyingi zinatoka Pemba, lakini hilo tumeshalizoea.)

Kwa hiyo makumbusho si dawa. Mengi ya makumbusho makubwa ya Ulaya yamejaa kwa njia hiyohiyo. Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo wa Mto Tana, iko British Museum mpaka leo, na hakuna Mpokomo aliyeipeleka kwa hiari. Ndiyo maana Relooted, gemu ya studio ya Nyamakop ya Johannesburg iliyotangazwa mwaka 2025, ilinifurahisha niliposikia habari zake: mchezaji anavitoa vitu vya Afrika kwenye makumbusho ya Magharibi na kuvirudisha kwao. Ni swali la haki, na limeulizwa na Waafrika wenyewe. Hata hivyo ni swali la kitu kilichokwisha kuchukuliwa. Vijana wetu wana swali lililotangulia hilo: kitu kinatokaje ardhini?

Dhahabu, vigae na wali

Toleo la kwanza linasema thamani ya kikombe imo ndani ya kikombe. Mwanaakiolojia anauliza kikombe kilikuwa kando ya nini, chini ya nini, juu ya nini. Ukikitoa bila kuandika hayo, umebaki na chombo kizuri cha kuweka kabatini.

Mfano hauko mbali. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, upande wa magharibi wa kisiwa hiki, ilipatikana akiba ya sarafu ndogondogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu. Sarafu za fedha zina majina ya watawala wa huku kwetu, lakini hazikuandikwa mwaka. Dinari zimetoka nchi za mbali ambako miaka ya kupigwa kwake inajulikana, na zinatufikisha karne ya 11. Kwa kuwa vyote vilikaa pamoja, dhahabu ya wageni ikatoa ushahidi wa umri wa fedha ya wenyeji, tukajua kwamba watu wa pwani hii walikuwa wakipiga sarafu zao wenyewe karibu miaka elfu moja iliyopita. Sasa mtangulize pale mchezaji wa toleo la kwanza. Anachukua dinari kwa pointi 200 kila moja, anaiacha fedha iliyoliwa na kutu, au anaiuza mafungumafungu. Hakuna kilichovunjika, na habari yote imepotea.

Tena dhahabu ni mfano mwepesi. Tumbe, kaskazini mwa Pemba, ambako watu waliishi kati ya karne ya 7 na ya 10, wachimbaji walikuta vigae vingi vya vyungu vyenye mifuo. Sokoni ni takataka. Walipovitazama vizuri ikaonekana kwamba watu walikuwa wakisugulia humo shanga za makombe ya baharini, na kwa kuangalia vilikotapakaa ikajulikana kuwa ilikuwa kazi ya majumbani. Na katika majivu na uchafu wa Tumbe na wa Chwaka, mji uliofuata karibu yake, zilichekechwa nafaka zilizoungua. Tumbe walikuwa zaidi watu wa uwele. Chwaka, kuanzia karne ya 11, mpunga ukashika nafasi. Mpemba anayejisifu kwa wali wake ana ushahidi wa karne nyingi, na ushahidi huo ulitoka jaani. Katika gemu ya vijana hawa jaa halikuwemo kabisa.

Mkoba

Turudi kwa mtoto. Hakuiba kwa maana aliyoielewa yeye. Gemu ilimwambia Pujini kuna vitu vyenye bei, akaenda Pujini, akaokota vitu, akaja kudai bei. Nimeona watu wazima, ambao hawakucheza gemu yoyote, wakienda na sururu kutafuta dafina za Wareno, na huko bara wanatafuta mali za Wajerumani. Mtoto alikuwa na adabu zaidi yao: hakuchimba, aliokota juu ya ardhi.

Kipande kimoja cha kaure kilikuwa cheupe chenye maua ya buluu. Huenda ni cha China cha zama za ngome, karne ya 15. Huenda ni sahani ya Ulaya ya karne ya 19, ambazo pwani yetu imejaa. Mtaalamu ataweza kusema kimetoka nchi gani. Kilikuwa kinafanya nini Pujini, hawezi. Palikuwa pia na kigae chenye mfuo, ambacho mtoto alitaka kukitupa kwa sababu hakikumetameta. Kinafanana na vile vya Tumbe, na kama kweli kilitoka chini ya ngome kingezua maswali makubwa, maana ngome ni changa kwa Tumbe kwa karne kadhaa. Inawezekana pia ni mkwaruzo wa jembe tu. Nilimwuliza alikiokota wapi.

"Kule kwenye mihogo, maalim."

Mihogo ipi, hakumbuki.

Hapo kibandani watu wawili walikimbilia wema wa haraka. Mwenye kibanda alisema vipelekwe skuli viwekwe kwenye kabati la kioo. Mwandishi wa programu akasema mtoto arudi navyo avifukie palepale, yaishe. Rai ya kwanza inakibariki kitendo: kesho watakuja watoto kumi, kila mmoja na mkoba wake, wote wanataka kabati. Ya pili inaonekana ya kiungwana lakini ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kigae kikifukiwa mahali pa kukisia kinatengeneza ushahidi wa uongo. Mchimbaji atakayekuja miaka hamsini baadaye atakikuta, ataamini kilikuwa pale.

Njia inayofaa haina mvuto. Vitu havioshwi. Vinafungwa pamoja, inaandikwa tarehe na mahali mtoto anapopakumbuka, hata kama ni "kwenye mihogo", kisha anafuatana na mzazi wake kwa sheha, na kutoka hapo vinafika Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Mambo ya kale si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya kuhifadhi majengo na vitu vya kale tangu mwaka 1927, bara wana yao ya mwaka 1964. Mtoto asichapwe. Akichapwa, mwenzake aliyekwisha kuokota atavitupa baharini usiku huohuo.

Maswali ya mzee

Vijana walikwenda Pujini kumwona mzee anayelima karibu na magofu na ambaye familia yake ina mazoea ya miaka mingi na mahali pale. Walimwonesha simu. Akaitazama kwa subira, mtoto wa mvuvi akiruka na kuchimba.

"Shimo hilo akishalichimba, halifukii?"

"Hapana babu, anaendelea na safari."

"Basi atamvunja mtu ng'ombe wake." Akaitazama tena. "Na ruhusa kapewa na nani?"

Walicheka, lakini maswali hayo mawili yana akiolojia ndani yake kuliko leveli zote za gemu. Wachimbaji wa kweli hufukia. Na kabla ya mwiko wa kuchimbia kugusa udongo kunakuwa na kibali cha serikali, kuna kuonana na sheha, kuna mwenye mihogo ambaye mimea yake lazima ithaminiwe, kuna wazee wa kuarifiwa. Adria LaViolette wa Chuo Kikuu cha Virginia, aliyefanya uchimbuzi Pujini, hakuvikuta vitu vya kale vimelala peke yao gizani. Alikuta mahali penye watu. Gemu karibu zote hupenda magofu matupu, kwa sababu magofu yenye watu yanamtaka mchezaji abishe hodi.

Jambo la tatu mzee hakuliweka kama swali. Alipofika kwenye picha ya chumba cha chini ya ardhi akarudisha simu. Chumba hicho kipo kweli Pujini, na ukutani kwake kuna umbo la siwa, baragumu la watawala wa pwani, lililofinyangwa kwa chokaa. Watu huenda pale kwa shughuli zao na huacha walichokuja nacho. "Hapo msipachezee, wanangu," alisema, na mazungumzo yakahamia kwenye karafuu.

Toleo la pili

Walivunja mfumo wa pointi wakaujenga upya, na huo ndio uamuzi ninaousifu kuliko mwingine wowote. Wangeweza kubadilisha maneno tu, mhusika akaitwa mtafiti badala ya mtoto wa mvuvi, na kila kitu kikabaki kilekile. Sasa mchezaji anapewa kipande cha ardhi cha mita moja kwa mita moja, mwiko, brashi, chekeche na daftari. Udongo unatoka tabaka kwa tabaka. Kitu ukikichora mahali kilipo kabla ya kukiinua, kinabaki na jina lake na kinaanza kuungana na jirani zake: sarafu yenye mwaka inawapa umri vigae vya tabaka lake. Ukikinyakua kwanza, picha yake inabaki nzuri vilevile lakini maelezo yote yanafutika, na majirani zake nao wanapoteza sehemu ya habari zao. Hakuna adhabu wala sauti ya kukukemea. Shimo usipolifukia huruhusiwi kufungua jingine.

Kibandani mapokezi yalikuwa mabaya. "Hii skuli, bwana," alisema mmoja akairudisha simu. Nawaelewa. Uchimbuzi wa kweli ni wa polepole, wenye jua, na siku nyingi hupati kitu. Gemu ikiuiga kwa uaminifu wote haichezwi, na isiyochezwa haimfundishi mtu.

Kilichowarudisha watoto ni jaa. Waliwekewa shimo la uchafu wenye mifupa ya samaki, makombe na punje nyeusi, wakaambiwa waseme watu wa nyumba ile walikuwa wakila nini. Hapo wakaanza kubishana. Msemaji aliazima hila kutoka Heaven's Vault, gemu ya mwaka 2019 ya studio ya Inkle, ambayo mhusika wake ni mwanaakiolojia anayesoma maandishi ya kale. Kule ukikisia maana ya neno gemu haikuambii mara moja kama umekosea. Unaendelea na kisio lako mpaka maandishi mengine yaliunge mkono au yalikatae. Kwa watoto wetu hali ikawa hivyohivyo: aliyeamua punje ni uwele alikwenda nayo hivyo mpaka shimo la tatu likamwumbua. Kelele zilikuwa kama za mechi ya Simba na Yanga. Palikuwa hata na malalamiko kwamba gemu ina kasoro, kwa sababu kipande cha plastiki kilionekana ndani ya tabaka la kale. Mwandishi wa programu alicheka sana. Alikuwa amemtia panya ardhini makusudi, na panya huchimba mashimo na kuangusha vya juu chini, kama afanyavyo kwenye uchimbuzi wa kweli.

Ugomvi uliobaki ni wa chumba cha chini. Ile ndiyo picha bora aliyowahi kuchora mchoraji, na hoja yake si nyepesi: habari za chumba na siwa yake zimeshachapishwa na wasomi, msomaji yeyote duniani anaweza kuzisoma, kwa nini mtoto wa Pemba azuiwe kuona cha kwao? Jibu langu ni kwamba kuandikwa katika kazi ya utafiti si idhini ya kupageuza uwanja wa kupigana na jini. Aliyeandika alieleza. Gemu ingewafanya maelfu wapavamie, kila mmoja kwa kidole chake, na baadhi yao wako umbali wa safari ya baiskeli. Nimependekeza mlango uwepo, ngazi zionekane, na usifunguke kamwe. Msemaji anasema mlango usiofunguka unamkera mchezaji. Na umkere. Mkama Ndume kuwa jini wamekwisha kuliondoa wenyewe, bila kushurutishwa, baada ya kukumbuka kwamba zipo familia zinazomhesabu kuwa babu yao.

Fedha ndiyo sehemu isiyo na suluhisho. Gemu ikiuzwa, au ikiingiza matangazo, Pujini inapata nini? Vijana wameandika karatasi inayotaja mgao kwa ajili ya kusafisha magofu na kulinda njia, lakini hawajataja kiwango, wala nani ataupokea: shehia, Idara, au watu wa mashamba yaliyozunguka. Wanataka kulitoa toleo la pili kabla ya Sikukuu ya Mapinduzi. Nimewaambia wasilitoe mpaka karatasi hiyo isomwe mbele ya sheha na wazee, pamoja na mwenye mihogo, kwa sababu watu wakishaipakua gemu na vijana wakishaonja fedha, Pujini haitakuwa na nguvu ya kudai chochote.